Kwa Nini Mtawala wa Usangira Hushuka Kitini

Zamani, nchi yetu ya Usangira ilipokuwa bado chini ya watemi, heshima kubwa kuliko zote ilikuwa kidani cha shaba. Aliyetunukiwa alipiga magoti mbele ya mtemi, akagusa ardhi kwa paji la uso na kusema, "Nilichofanya, nimefanya kwa nguvu zako." Ndipo akavishwa. Hakuna aliyeona ubaya katika maneno hayo, mpaka ilipofika zamu ya Nyamizi.

Wavamizi walipokuja, Mtemi Kasanda alivuka mto pamoja na wake zake na ng'ombe wake. Nyamizi, mjane aliyeishi karibu na lango la mji, alikataa kukimbia. Alikusanya majirani, wakaziba lango kwa magogo na miiba, wakapigana hapo hapo mpaka wavamizi wakachoka na kurudi walikotoka. Lugendo, mdogo wake wa tumbo moja, aliuawa langoni pamoja na wengine wengi.

Hatari ilipopita, mtemi alirejea. Alikuta watu wanamtaja Nyamizi kuliko wanavyomtaja yeye, akadhani kidani kitamrudisha mwanamke huyo mahali pake. Akaitisha baraza. Nyamizi aliambiwa apige magoti. Akabaki amesimama.

"Sema maneno ya kidani," mtemi akamwambia.

"Nguvu zako zilikuwa ng'ambo ya mto, Mtemi," Nyamizi akajibu. "Wenzangu walikufa wamesimama. Heshima yao siipokei kwa magoti."

Mtemi akamwamuru mkuu wa askari amlazimishe. Lakini mkuu yule naye alikuwa amepigana langoni. Alilaza mkuki wake chini, akaenda kusimama kando ya Nyamizi. Wazee wakainuka, akina mama wakainuka, hadi aliyebaki ameketi ni mtemi peke yake. Kasanda alitazama huku na huku akitafuta wa kumtuma, asimpate. Akashuka kitini, akampelekea kidani mwenyewe.

Hata hapo Nyamizi hakuinamisha shingo. Kwanza alitaja majina ya waliokufa, mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa Lugendo alilitaja jina lake mara mbili, ya pili kwa nguvu. Mtemi alisubiri, kidani kikiwa mkononi.

Na tangu siku hiyo, anayepewa nishani kuu ya Usangira hampigii mtu magoti. Watemi wamepita, sasa tuna rais, naye hushuka kitini na kusimama mpaka majina ya waliokufa yamalizike kusomwa. Rais mmoja aliwahi kuomba yafupishwe kwa sababu ya jua kali. Mama aliyekuwa akitunukiwa siku hiyo akaanza kuyasoma upya.