Diski ya Harusi ya Kitindamimba

Chumba cha kazi cha Fundi kilikuwa chembamba kama korido, kimebanwa kati ya duka la viatu na kinyozi. Ndani mlikuwa na meza moja, kompyuta mbili, na karibu na mlango deki kuukuu iliyounganishwa na televisheni yenye kisogo. Deki hiyo ndiyo iliyokuwa hakimu wa pale. Kwa miaka kumi na mmoja, hakuna diski ya harusi wala ya mahafali iliyotoka mlangoni kabla deki haijaionja. Mke wa Fundi, aliyekuwa akichapa majalada, ndiye aliyeitumbukiza diski, akatazama mwanzo, katikati na mwisho, kisha akatamka, "Imekubali." Hapo ndipo mteja alipopigiwa simu.

Katika kompyuta yake Fundi alikuwa na mpangilio mmoja wa kutolea video iliyohaririwa kwenda kwenye diski, alioupa jina "Wa Siku Zote". Haukuwa na mbwembwe. Picha yake haikuwa kali sana, lakini ilichezwa na kila deki, mpya kwa kuukuu. Katika miaka yote hiyo, hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kurudisha diski.

Mwaka huo dada yake Fundi, kitindamimba wa mama yao, aliolewa. Mama hakuhudhuria. Nyonga ilikuwa imemfunga nyumbani, na safari ya siku nzima kwa basi asingeiweza. Siku tatu baada ya harusi, bibi harusi naye akapanda ndege na mumewe kwenda kazini ng'ambo, asirudi kwa miaka miwili. Lililouma zaidi ni macho ya mama. Jicho la kushoto lilikwisha kuzimika. La kulia, daktari alisema bila kuficha, lilikuwa limebakiza wiki tatu, zikizidi sana nne. Picha za karatasi hakuziona tena, ila akivuta kigoda hadi mbele ya televisheni, pua ikikaribia kugusa kioo, bado aliweza kuitambua sura ya mtu.

"Mwanangu, nina ombi moja tu," alimwambia Fundi kwa simu. "Nimuone mdogo wako ndani ya shela. Nikishamuona, macho yaende yanakotaka."

"Hilo umelipata, mama. Nitakutengenezea kitu ambacho hujawahi kukiona maishani."

Laiti angemwahidi kitu alichozoea kukiona!

Kwa bahati mbaya, wiki ile ile Fundi alikuwa ameweka programu mpya ya kuhariri. Alipomaliza kuunganisha picha na kutaka kuitoa video, programu ikamfungulia orodha ndefu ya mipangilio, na juu kabisa ulikuwapo mmoja uitwao "Ubora wa Juu Kuliko Wote". Akaujaribu kwa dakika moja tu ya harusi. Lo! Nyuzi za shela zingeweza kuhesabika. Jasho juu ya mdomo wa bwana harusi lilimeta. Fundi akavimba kichwa papo hapo.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "tanguliza ya siku zote. Itumwe, mama aone. Madoido yako yatafuata baadaye."

"Yaani nimtumie mama mzazi picha ya ukungu? Macho yake yenyewe yana ukungu!"

"Nasema hivi kwa sababu deki ya mama ni pacha wa hii hapa mlangoni. Mlizinunua pamoja."

"Wewe nawe! Dunia inakwenda mbele, wewe umeng'ang'ania deki."

Mke akarudia majalada yake. Alimjua mumewe; akishapanda juu ya mti, hashuki mpaka tawi likatike.

Kompyuta ikaanza kusaga. Ilisaga siku mbili mfululizo, feni ikilia, huku basi la kwenda kwa mama likiwa moja tu kwa wiki, Alhamisi saa sita mchana. Alhamisi saa nne na nusu diski ikawa tayari. Katika kompyuta ilicheza vizuri ajabu. Mkewe akaipeleka kwenye deki kama desturi. Deki ikanguruma, ikagugumia, ikaandika kwenye kioo: *Haisomeki*. Kisha ikaitema.

"Haijakubali," mke alisema taratibu.

Fundi alitazama saa. Kurudia kwa mpangilio wa zamani kulihitaji saa tatu, nazo hazikuwapo. Angeweza kukubali kwamba amekosea, akampigia mama kumwomba wiki moja zaidi. Badala yake akajitia hamnazo. "Deki hii imechoka," alisema. "Ya mama haitumiki sana, itaisoma." Akaichukua diski na kukimbilia kituoni.

Ijumaa asubuhi simu ililia. Alikuwa mama mdogo, aliyekuwa akiishi na mama.

"Mwanangu, diski yako ina nini? Tunaiingiza, inatemwa."

"Ipanguse kidogo, mama mdogo."

"Nimeipangusa kwa kitambaa cha miwani, nimeipuliza, nimeigeuza hata upande usiofaa. Inatemwa tu."

Nyuma ya mama mdogo, Fundi aliisikia sauti ya mama ikisema, "Mwambie asijali. Mimi nimekwisha kaa kwenye kigoda, nasubiri."

Siku hiyo hiyo Fundi alitoa video kwa mpangilio wa siku zote, kwa saa tatu kamili, na deki ya mlangoni ikaipokea bila kusita. Lakini basi lilikuwa la Alhamisi nyingine. Jumatano mvua ikabeba daraja, barabara ikafungwa siku tisa. Kila asubuhi alipiga simu kuuliza habari za macho, na kila asubuhi mama mdogo alijibu kwa sentensi fupi kuliko ya jana.

Njia ilipofunguka, Fundi aliipeleka diski mwenyewe. Alimkuta mama sebuleni, amekaa wima, uso ameuelekeza kwenye mlango wa uani usio na mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Njoo nikushike." Akampapasa mashavu. "Umekonda. Lilizima juzi, mwanangu. Lilijitahidi."

Fundi aliitumbukiza diski. Deki ikaimeza, na papo hapo vigelegele vikajaa chumbani.

"Nisimulie," mama alisema. "Shela lake likoje?"

"Jeupe, mama."

"Weupe ni mwingi. Jeupe la maziwa, au la chokaa?"

Fundi, aliyelitazama shela lile siku nzima akihesabu nyuzi zake, alitafuta neno asilipate. Akamweleza mama yote, bila kuficha: programu mpya, deki iliyokataa, wiki moja aliyoona aibu kuiomba.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa mwanawe. "Najua ulitaka kunifurahisha," alisema. "Lakini sikuomba picha nzuri, mwanangu. Niliomba kumuona."

Hakugomba, na heri angegomba. Aliomba tu video irudishwe mwanzo, akainamisha kichwa kuielekea sauti ya bintiye aliyekuwa akicheka. Fundi aliketi sakafuni karibu na kigoda, akilia kimyakimya mbele ya picha ya kawaida kabisa, ambayo wiki tatu kabla ingetosha. Kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.