Breki ya Watu Wawili

Jumamosi, tarehe ishirini na mbili Februari, saa kumi na robo alasiri, mtu mmoja alilitoa gari lake uani akashika njia ya mteremkoni. Msiniulize kwa nini mfano una tarehe na saa. Nitafika hapo. Imamu wenu amenikaribisha niseme neno, na mimi mgeni wenu leo nasema polepole. Mniwie radhi.

Mtu huyo alikuwa na mama mzee mwenye mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jumatatu alitakiwa kumpeleka hospitali, chini bondeni. Kwao ni milimani, kona juu ya kona, mkono mmoja jabali, mkono mwingine hakuna kitu. Gari lilikuwa la zamani na breki zilikuwa zinalia. Akasema, "Mama yangu simpakii kwenye breki hizi."

Je, hapo alikosea? Hakukosea. Mzembe angeenda nazo hivyohivyo.

Akanunua pedi mpya za breki. Akanunua mipira mipya ya kupitisha mafuta, ile iliyosukwa waya kwa nje, haivimbi hata ukikanyaga kwa nguvu zako zote. Akanunua na mafuta mapya ya breki, bora kuliko yale ya mwanzo. Hakutaka fundi. Kazi aliijua, alifundishwa na baba yake uani hapohapo. Asubuhi ile akapiga jeki, akavua magurudumu, akaanza.

Sasa sikilizeni, maana wengi hapa hamjawahi kufungua breki. Ukibadilisha mipira ile, upepo unaingia ndani. Lazima uutoe, na kuutoa ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani. Mwingine yuko chini na spana, kwenye nati ndogo nyuma ya gurudumu. Wa chini anaita, "Kanyaga!" Wa juu anaitika, "Nimekanyaga!" Wa chini anafungua, mafuta yanatoka na mapovu, anafunga. "Achia!" Gurudumu baada ya gurudumu, mpaka mapovu yaishe. Hata mpita njia akisikia sauti zile anajua kinachofanyika.

Mtu huyu alikuwa na mdogo wake, nyumba ya pili, ua wa michongoma katikati. Baba yao aliwafundisha kazi hii pamoja, mmoja juu, mmoja chini. Lakini ulikuwa mwaka wa pili hawasemezani. Siku ya kumzika baba, kaka alikuwa safarini. Akapiga simu. "Nisubirini, nimefika njiapanda. Robo saa tu. Nataka niingie kaburini nimpokee baba." Mdogo akasema jua linazama, maiti hacheleweshwi. Akaingia yeye. Kaka alipofika, watu walikuwa wanasawazisha udongo.

Basi, siku ile ya breki, mama akatoka akipapasa ukuta.

"Mwanangu, kazi hiyo si ya mmoja. Muite mdogo wako."

"Mama, nitaweka chupa hapa chini, mafuta yatatiririka yenyewe na upepo wake."

"Macho yangu ndiyo yameharibika, masikio bado. Breki zimefungwa uani kwangu miaka arobaini. Sijasikia zikitolewa upepo kimyakimya."

Akaendelea kukaza nati. Na mdogo naye alikuwa amesikia spana zinagonga. Akaja mpaka kwenye michongoma.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba." Hakuinua kichwa.

"Unatoa upepo peke yako? Utakanyaga saa ngapi, utafungua saa ngapi? Au umeota mguu wa tatu?"

"Nimekuita?"

"Hujaniita. Nauliza tu, nije nikukanyagie?"

"Wewe hukuweza kunisubiri robo saa. Rudi kwako."

"Haya. Ukikwama, ua haujahama."

Akarudi kwake.

Naona mnatabasamu. Mguu wa tatu. Yalikuwa maneno ya kuchekesha, kweli.

Kaka akamaliza peke yake. Akakanyaga breki, ikazama, laini. Akakanyaga tena na tena, mara ya tatu ikawa ngumu. Akajiambia imekaa. Akazunguka uani, gari likasimama vizuri. Mama akataka apande naye, akamwambia, "Ngoja kwanza, mama. Niijaribu mteremkoni peke yangu, nikirudi tuwe na uhakika."

Upepo ukibaki ndani, breki inadanganya. Pale uani inashika. Kwenye kona ya tatu ya mteremko ule, alikanyaga mara moja, mguu ukaenda mpaka chini. Nafasi ya kukanyaga mara ya pili na ya tatu haikuwepo.

Sasa niambieni, kosa ni la nani? Nyuso zenu zimeshajibu. Kaka. Kiburi chake. Pedi mpya, mipira mipya, mafuta mapya, na ndani upepo uleule. Nami ningeweza kuishia hapo. Ningesema sisi tunavaa kanzu mpya, tunabadilisha mazulia ya msikiti, na kifuani tumebeba chuki ya mwaka juzi. Lingekuwa fundisho zuri, mkarudi nyumbani mkimwonea huruma mtu yule.

Ndugu zangu, yule mdogo aliyesimama kwenye michongoma ni mimi.

Nilirudi kwangu nikakaa barazani. Nilikuwa nasikiliza. Sikusikia "kanyaga". Sikusikia "achia". Kwa hiyo nilijua. Adhuhuri nikaenda kuswalisha watu, alasiri nikaenda kuswalisha watu, nikarudi, bado najua. Saa kumi na robo gari likapita mbele ya baraza yangu. Palikuwa na nafasi ya kusimama katikati ya njia. Nikasema moyoni, mimi nimeshamwambia.

Nimeshamwambia. Ni mara ngapi sisi tunasema hivyo? Tunamwendea ndugu mara moja, tena na mzaha mdomoni, ili akitukataa tuwe na haki ya kukaa barazani. Ile haikuwa nia ya kusaidia. Nilikwenda kutafuta kukataliwa, nikapata.

Na alinitajia robo saa. Mnaona? Alinionyesha kidonda kilipo. Ningesema, "Kaka, siku ile nilikosea, nisamehe," nadhani angenitupia funguo, akasema panda ukanyage. Miaka miwili nilikuwa na maneno hayo. Hayakunishinda kwa uzito. Niliona haya tu.

Wewe uliyekaa hapo, ukitoka leo usimwulize nduguyo kama anataka msaada. Muombe radhi kwanza. Kisha ingia uani kwake, kaa kwenye usukani, ngoja aite. Akikufukuza, rudi tena. Na gari likitoka, simama njiani. Afadhali akutukane akiwa hai.

Tulimzika Jumapili. Jua lilikuwa linazama, mwanawe mkubwa alikuwa bado njiapanda, na wazee wakaniambia, "Tuanze, maiti hacheleweshwi." Nikasema tutamsubiri. Tukasubiri robo saa. Robo saa ni kitu gani, ndugu zangu? Ni kikombe cha chai, hata hakijapoa. Alipofika aliingia kaburini kumpokea baba yake, na mimi nikawa juu, nashusha. Mmoja juu, mmoja chini. Mama yupo kwangu sasa. Kila asubuhi ananiuliza kama michongoma ile bado ipo. Nimeikata, lakini yeye haoni, basi namshika mkono apapase mwenyewe.

Inueni mikono, mniombee mimi na kaka yangu.

Ewe Mola, mja wako Kibwana bin Mbaruku aliamka asubuhi kumtengenezea mama yake njia ya kwenda kutibiwa. Mwandikie hiyo. Kiburi chake kisamehe, na changu kilichokuwa kikubwa kuliko chake. Lipanue kaburi lake, ulitie nuru, na usimwache humo peke yake kama tulivyomwacha sisi chini ya gari. Siku utakapotukusanya, nijaalie nisimame karibu naye, aniite, niitike.

Amina.