Seva ya Bandani kwa Sikazwe

Yai la boma haliatamiwi bandani kwa mtu. Methali hii ilianza hivi, na naapa kwa mvi zangu kwamba ni kweli tupu, kama nilivyowaapia vijana waliomsikia mtendaji wa kata akimwambia karani wake maneno hayo, wakaja kibarazani kuniuliza yametoka wapi.

Mkuu wa pori letu la akiba alikuwa Bwana Sikazwe, mchapakazi, ila hakupenda kuambiwa. Bomani, yaani ofisini kwa serikali, umeme ulikatika kila mawingu yalipotanda, na baruapepe ya kazi ilidai nywila mpya kila mara. Nyumbani kwake kulikuwa na banda la kuku lenye mashine ya kutotolesha vifaranga na sola isiyozimika. Basi akanunua seva yake mwenyewe, ile kompyuta ya kutunza na kupeleka barua, akaiweka bandani. Amri zote za doria zikapitia humo. Seva ilichemka hata mayai yaliyowekwa juu yake yakawa yanaanguliwa kabla ya yale ya kwenye mashine. Vifaranga hao niliwaona kwa macho yangu. Walitembea kwa gwaride.

Mtaalamu wa wizarani akampigia simu kumwonya. Sikazwe akamjibu kwamba kuku wake hawajui kusoma.

Kuku hawakujua, lakini fundi wa mashine alijua. Aliingia bandani apendavyo kubadilisha balbu, na nywila ilikuwa jina la jogoo wa Sikazwe, ambalo mtaa mzima ulilisikia kila jogoo alipoitwa kula.

Ikaja zamu ya kuwanasa majangili wa tembo waliotusumbua tangu masika. Sikazwe akaandika kutoka bandani: kikosi cha Koleta Nswima, askari hodari wa wanyamapori, kijifiche korongoni Nyamanzi kuwasubiri, na redio zizimwe zisije zikanaswa. Kesho yake kikosi kikaenda, redio zikazimwa.

Alasiri ile mama mmoja alikuja kununua vifaranga. Huku akichagua, akampa Sikazwe pole ya kazi, akasema vijana wake watapata taabu na mbu wa Nyamanzi.

Sikazwe akaacha kifaranga kidondoke. "Nani kakwambia Nyamanzi, mama?"

"Si fundi wako? Anasimulia kilabuni. Kuna wageni walimnunulia pombe jana, leo wameondoka na gari lao."

Dereva nilikuwa mimi. Tuliondoka mlango wa gari ukiwa wazi. Njia nzima mkuu alijaribu redio, ikakoroma tu, maana ni yeye aliyeamuru zizimwe. Akaanza kutaja majina ya askari wake chinichini, kama mtu anayesali. Tulipofika juu ya korongo tukaona Koleta na wenzake wamelala kifudifudi nyasini, macho mbele. Majangili walikuwa nyuma yao, wakishuka jiwe kwa jiwe.

"Piga honi," Sikazwe akasema.

"Mkuu, watakimbia. Kazi yote tangu masika itapotea."

"Piga, na usiiachie."

Honi ikalia. Risasi ya kwanza ikapasua kioo, ikapita kati ya kofia yangu na nywele. Kikosi kikajitupa nyuma ya mawe, majangili wakatawanyika. Hatukumkamata hata mmoja wao, ila hatukumzika hata mmoja wetu.

Koleta akapanda hadi garini, magoti yakivuja damu, akauliza kama ile amri ilitoka bomani. Sikazwe akakiri kwamba ilitoka nyumbani.

"Afande," Koleta akasema, "yai la boma haliatamiwi bandani kwa mtu. Likitoa nyoka, tunaoumwa ni sisi."

Sikazwe alijiripoti mwenyewe wizarani, akavuliwa cheo, wala hakukata rufaa.

Nilipomaliza kuwasimulia vijana hayo, nikaridhika. Ndipo Oresta, mmoja wao, akainua kidole.

"Babu, Koleta ni shangazi yangu. Anasema dereva siku ile alikuwa marehemu Kapele. Wewe ulibaki kambini ukipika maharage."

"Tena yakaungua," akadakia mwenzake.

"Na honi je?" nikauliza. "Na korongo?"

"Hayo shangazi hayakatai. Anakukataa wewe tu."

Kibarazani kwetu anayenaswa na uongo huwanunulia wote mahindi ya kuchoma. Nikamwita mwuzaji, nikalipa bila kubisha. Oresta akachagua hindi kubwa kuliko yote, akalitafuna. Kisha akasema, si kwangu, kama anayejisemea tu: kumbe yai la boma haliatamiwi bandani kwa mtu.