Mshororo wa Nguzo ya Kushoto

Zama hizo, bibi yake bibi yangu hajajua hata kusuka ukili, mji wa Zahirabadi ulikuwa chini ya Sultani Ghalibu bin Tamimu, mtu mwepesi wa ghadhabu na mwepesi zaidi wa machozi, na katika mji huo alikuwapo kijana tajiri wa udi na ambari, jina lake Mundhiri, aliyekwenda Uchina kwa biashara ya miezi mitatu na akakaa miaka mitatu. Msiniulize kwa nini, mnajua wenyewe.

Aliyemkalisha aliitwa Yulan, binti wa Mzee Shen, mwandishi wa hati za milangoni. Desturi ya nchi ile, kila mlango una nguzo mbili, na kila nguzo hubandikwa karatasi nyekundu yenye mshororo mmoja wa shairi, na mishororo hiyo hutazamana kama mume na mke wanaokula sinia moja. Mundhiri alipoposa, Yulan akaandika mshororo wa nguzo ya kulia: “Ndani, taa moja yangoja mtu, mafuta yapungua.”

Mzee Shen akamwambia Mundhiri, “Mwanangu, nenda kamtake radhi mama yako, kisha niletee mshororo wa kushoto. Sikukuu ya Taa ya mwaka ujao, jua likizama na nguzo ikiwa tupu, nitamwoza binti yangu mwana wa jirani, kwani ujana haungoji.”

Mundhiri akacheka kimoyomoyo. “Mashairi? Kwetu hata wauza maji hutunga!” Na siku ya kuagana Yulan akamvunjia tawi la mti unaoinama mtoni, na akampa jiwe la kusagia wino. Tawi alilipungia nzi safari nzima, na jiwe akaliweka rafuni liwe pambo. Masikini ya Mungu, hakujua alichopewa.

Alipofika kwao akatunga mshororo wenye vina vya kupendeza na mizani isiyopungua wala kuzidi, hata Sultani akapiga makofi barazani, na ukapelekwa Uchina. Ukarudishwa na maneno ya Mzee Shen: “Sauti zimefanana, maana zimepeana kisogo.” Mundhiri akanuna.

Ndipo barua za Yulan zikaanza kuja, na kwa kuwa Mundhiri alijua Kichina cha sokoni tu, zilisomwa na Sheikh Harithi, mtarjumani wa Sultani, aliyefasiri neno kwa neno asiache hata nukta. “Mabata bukini wamepita kwenda kusini,” akasoma. “Matawi ya mtoni yamerefuka. Mshipi wangu sasa hunizunguka mara mbili.” Akaikunja barua. “Basi, bwana. Hakuna neno ‘mpenzi’, hakuna ‘nafsi yangu’. Anakuandikia habari za ndege na mishipi. Huyu amekusahau.”

Loo, Mundhiri aliumia! Chakula kilimshinda, na kila jioni alipanda ukuta wa mji kutazama mashariki, na alimtamani Yulan hata udi wa dukani kwake ukamnukia moshi mtupu. Mwishowe asubuhi ya Sikukuu ya Taa akasema, “Na nimwandikie kwaheri, yaishe.” Akalishusha lile jiwe, akalitia maji, akasaga wino.

Jini likatoka, refu kama mnara, likapiga chafya mara tatu.

“Labeka!” likanguruma. “Mimi ni Zarqashi, mtumwa wa anayesaga wino kwa jiwe hili. Mwaka mzima umeniacha rafuni na vumbi puani! Nataka kukurarua, ila nimefungwa nikutumikie.”

Mundhiri akalikabidhi zile barua. Jini likasoma, likamtazama kwa huruma. “Ewe mwana wa Adamu, kwao mabata bukini ndio wachukuao salamu za walio mbali. Tawi la mtoni huvunjiwa mtu anayeombwa asiende. Na mshipi unazunguka mara mbili kwa sababu mwenyewe amekonda kwa kukungoja.”

“Mbona hakusema wazi?”

“Miaka mitatu uliyokuwa huko, mama yako alikuwa akikuwekea sahani kila siku, akaifunika kawa. Alisema neno?”

Mundhiri akalia kama mtoto. “Nibebe basi, Zarqashi! Leo ndiyo siku yenyewe!”

“Kubeba ni kazi yangu. Kutunga ni kazi ya anayeumwa. Wacha vina. Kila neno lake litafutie mwenziwe wa kukaa mkabala. Yeye yuko ndani. Wewe uko wapi?”

“Nje,” akasema Mundhiri, na yaliyobaki yakaja na machozi.

Jini likampakia mabegani, na walipotua Uchina jua lilikuwa limebakiza shibiri moja, na mwana wa jirani amekwisha fika na ngoma zake. Mundhiri akabandika karatasi kwenye nguzo ya kushoto, jini likamwongoza mkono, akaandika: “Nje, nyayo mbili zatafuta mlango, vumbi laongezeka.”

Mzee Shen akasoma kwa kidole, akivuka nguzo hadi nguzo: ndani na nje, moja na mbili, taa na nyayo, mafuta na vumbi. Akaziashiria ngoma zinyamaze. Yulan akatoka, amekonda, hakumtazama mtu, akachukua chupa akaijaza taa mafuta hadi ukingoni. Mundhiri hakumwita mtarjumani.

Wakaoana, na jini likaachwa huru, na wakarudi Zahirabadi. Sultani alipopata habari akalia mpaka kilemba kikalowa, akawapa nyumba na mali, na akamweka Yulan awe mkuu wa barua za nchi, na Sheikh Harithi akaketi mkekani kujifunza upya.

Lakini kabla ya hayo walifikia kwa mama yake Mundhiri. Bi mkubwa hakuuliza mwanawe alikuwa wapi. Alifunua kawa, sahani ikatoka mvuke, akaweka sahani ya pili kando yake. Na Yulan, asiyejua hata neno moja la lugha yetu, akaitazama ile kawa akalia.

Basi nawe msikilizaji, nyumbani kwako kuna mtu hasemi. Hebu tazama alichokufunikia.