Kopo la Kwanza la Senene

Aliye mgongoni hasemi ametupwa. Jana mliisikia methali hii mkacheka, kisha mkaniuliza nani aliyeisema kwanza. Basi tulieni, ilianza hivi.

Katika vilima vya Bukoba aliishi Mzee Rwechungura, mwenye kibanja cha migomba iliyonenepa hata wapita njia wakapunguza mwendo waitazame. Kibanja hicho angekirithi mwanawe, Mujuni, aliyekilima tangu ujana.

Msimu wa senene, wale panzi watamu wa kukaangwa, ulipofika, Mujuni akakosea. Kopo la kwanza, ambalo kwa desturi ni la baba, alilipeleka kwa mama mkwe. Rwechungura alipopata habari kwamba kuna mtu anatafuna senene kabla yake, chai ilimpalia.

"Kibanja hapati!" akaapa.

Akaandika wosia wa kumpa kibanja mpwa wake aliyekuwa mjini. Lakini alijua kwamba kwa mila zao mtoto hanyimwi urithi ila kwa kosa kubwa, na senene, hata wakiwa wanono, si kosa kubwa. Akafikiri, akaandika: "Mwanangu amenitupa katika ugonjwa." Ugonjwa alikuwa nao kweli, mguu wake mmoja ulikuwa umevimba kama shina la mgomba.

Mujuni aliposikia hayo alihuzunika, ila hakubishana. Alikwenda kwa karani wa mahakama kuuliza afanyeje.

"Usigombane na mzazi," karani akamwambia. "Lakini una haki ya kusikilizwa. Omba baraza la ukoo, ujibu shtaka mbele yake."

Akaliomba. Siku ya baraza ikafika, na mvua ilikuwa imesomba daraja la magogo. Rwechungura akasimama ukingoni mwa kijito, fimbo mkononi, wosia ndani ya kofia. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Mpwa hakuonekana. Mujuni akachuchumaa mbele yake.

"Panda, Tata. Tutachelewa kunishtaki."

"Usidhani nitafuta hata neno moja," mzee akasema, akapanda.

"Sawa, Tata. Ila shika mabega. Hayo ni masikio."

Walipofika barazani, ua wote ulikuwa tope, na mzee hakutaka kuuchafua mguu wake mgonjwa, akabaki mgongoni. Bamanyisa, mkuu wa ukoo, akamtaka asome shtaka.

"Hebu niinue kidogo," Rwechungura akamnong'oneza mwanawe, "wanione vizuri." Mujuni akamwinua. Mzee akafungua karatasi, akasoma kwa sauti kuu: "Mwanangu amenitupa!"



"Amekutupa wapi, Rwechungura?" Bamanyisa akauliza. "Maana huku chini hatukuoni."

Watu wakaangua kicheko, wengine wakashikana wasianguke.

"Basi futeni hilo," mzee akang'aka, "andikeni senene!"

"Senene hawamnyimi mtu kibanja," akajibu Bamanyisa. "Wosia huu tumeukataa. Kibanja ni cha Mujuni."

Njiani kurudi, walipofika katikati ya kijito, baba akauliza:

"Na mwakani, kopo la kwanza?"

"Lako, Tata."

"Haya, twende. Na usiniangushe."

Tangu siku hiyo, anayelalamika huku akitunzwa huambiwa: aliye mgongoni hasemi ametupwa.