Unga wa Zinki na Mtamba wa Atilio Kihwele

Nawapa kesi, msiikimbie kabla haijaisha.

Kijiji cha Lugendo kilikuwa na watu watatu wa kesi hii. Eufrasia Mhagama alikuwa na jicho: kitu kikihama mahali pake, ameona. Zakaria Ngimbudzi, bwana shamba, alikuwa na elimu. Nikodemo Sanga hakuwa na lolote ila miguu na baiskeli.

Mume wa Eufrasia aliitwa Kasiani, mwana wa Atilio Kihwele. Atilio alikwisha kuzika watoto wanne. Kasiani ndiye aliyebaki. Mto u mbali huko, na maji hupandishwa kichwani, basi wakulima wa nyanya huchanganya dawa zote katika pampu moja. Siku moja Kasiani alitia sumu ya wadudu, kizibo kimoja cha soda, kipimo chake cha miaka yote. Akaongeza unga mpya wa zinki, mbolea ya kunyunyizia majani, ulioletwa na Zakaria, uliosagwa laini kuliko moshi. Kabla ya adhuhuri akaanguka, mate yakimtoka.

Atilio, aliyechoka hata kulia, alisema tu, "Atakayenirudishia huyu, mtamba wangu ni wake." Alikuwa na ng'ombe huyo mmoja tu.

Nikodemo alimvua mgonjwa nguo zenye dawa, akamwosha, akamfunga mgongoni kwa kitenge na kukanyaga baiskeli maili kumi na moja hadi zahanati. Mganga alisema angechelewa nusu saa, angeleta maiti.

Sindano ikamtuliza. Mganga aliposikia kipimo, akataka kumruhusu jioni ile: kizibo kimoja hakiui. Eufrasia, aliyefuata kwa miguu, akakataa kuondoka. Kipimo ni kilekile, alisema, lakini leo hata nyuki wa mzinga wa mbali wamekufa, na kitu kigeni shambani ni ule unga tu.

Akapigiwa simu Zakaria. Akaeleza kwamba chembe ndogo namna ile, nyingine huishika sumu zikaipunguza makali, na nyingine huibeba zikapenya nayo mwilini kwa wingi. "Usimpime kwa kizibo, bwana mganga," alisema. Kasiani akazuiwa siku tatu, sindano juu ya sindano. Mara mbili pumzi ilitaka kukatika. Akapona.

Atilio akamfungua mtamba, akauliza nani apokee kamba.

Eufrasia alimtazama Zakaria. "Ulijua, bwana shamba. Ulitugawia unga, maneno ukabaki nayo."

"Na wewe, shemeji? Nani alimwambia Kasiani achanganye, asikutume mtoni mara mbili?"

Nikodemo alisema miguu inamuuma, wamwambie kama akae au aende zake.

"Nimechoka, wanangu," akasema Atilio. "Nitajieni mmoja."

Hakutajwa mtu. Bila Nikodemo, Kasiani angefia shambani. Bila Eufrasia, angerudishwa nyumbani kufa. Bila Zakaria, mganga asingejua anapigana na nini. Na bila Zakaria huyohuyo, pengine asingeugua.

Mtamba angali kwa Atilio, anakula majani, mwenyewe hajulikani. Haya, ninyi mlionisikiliza: kamba ile mngemshikisha nani?