Kipwa Aliyechagua Maji Baridi

Hapo zamani za kale, bahari ilipokuwa bado haijaamua wapi iwe baridi na wapi iwe vuguvugu, palikuwa na kisiwa cha mawe matupu huko kusini ya mbali, na juu ya mawe hayo waliishi sili. Mnamjua sili? Ni mnyama mnene, mwororo, ana macho makubwa kama anayetaka kulia, masharubu marefu, na mapezi badala ya miguu. Akiwa majini humshiki. Nchi kavu anajikokota kwa tumbo, pwata, pwata, pwata, mpaka unamhurumia.

Miongoni mwao alikuwepo mama mmoja mdogo wa umbo, jina lake Kipwa. Alikuwa na mtoto wa kunyonya aitwaye Tone, ambaye hata kuogelea hajajua, na jamvi la mwani lililotandikwa vizuri kuliko majamvi ya majirani wote. Alikuwa pia na tabia iliyowachosha wenzake. Alikuwa haishi kuuliza.

"Kwa nini mchana dagaa wanakwenda chini na jioni wanapanda juu? Kwa nini maji haya yananiwasha masharubu, na yale pale hayaniwashi?"

"Kipwa, kula samaki wako unyamaze!" jirani yake, Bi Mashavu, alikuwa akimwambia.

Kipwa alikula, lakini kunyamaza hakunyamaza.

Ghuba ya kisiwa hicho ilikuwa na wenyewe. Walikuwa simba-bahari wawili, jamaa wakubwa wa sili, ndugu wa tumbo moja, Bwana Ngurumo na mdogo wake Bwana Mbavu. Mapande ya wanyama! Mmoja akipiga chafya, ndege wote wa kisiwani wanaruka. Kila mmoja alikalia jiwe lake mlangoni mwa ghuba na hakutoka hapo isipokuwa kwa kuchovya kichwa na kula, maana ukitoka tu, mwenzio amekalia. Kutwa walikuwa wanabweka.

"Ghuba yangu! Ngwaa!"

"Yetu, kaka, yetu! Ngwaa!"

Dagaa wakija, wanakula wao kwanza. Sili wadogo wanaokota mabaki, na shikamoo juu.

Basi mwaka mmoja upepo ukakatika, kimya, hata unyoya hautikisiki. Maji ya ghuba yakaanza kupata joto, leo kidogo, kesho zaidi, na dagaa wakatoweka. Simba-bahari wakachovya vichwa, wakatoka midomo mitupu. "Watarudi," wakasema, wakaendelea kukaa. Kukaa ndiyo kazi waliyoijua.

Lakini maziwa ya Kipwa yalianza kukauka. Tone alinyonya, akaacha, akanyonya tena, kisha akalia, "Ng'eee! Ng'eee!" Sauti ile ilimkata mama yake maini.

"Bi Mashavu, niangalizie mtoto," Kipwa akasema. "Naenda kuwauliza dagaa kwa nini wamehama."

"Utawauliza dagaa!"

"Nani mwingine anajua?"

Chubwi! Akazama. Akaogelea na masharubu mbele, akiyapima maji. Joto. Joto. Joto bado. Akapita mlango wa ghuba, akapita mawe ya mwisho, akaenda mpaka mbavu zikamuuma. Joto tu. Akawaza kurudi, lakini angerudi kumwambia nini Tone? Akashuka chini zaidi, na ghafla, lo! Masharubu yakawasha yote kwa pamoja. Baridi!

Hapo maji mawili yalikuwa yamekutana bila kuchanganyika, kama maziwa baridi yaliyomiminwa kwenye uji wa moto kabla hujakoroga. Na kwenye mpaka ule dagaa walijaa, wanameremeta, wanazunguka hawana habari.

"Kumbe!" Kipwa akajisemea, na furaha ilimjaa hata akasahau njaa kidogo. "Kumbe ninyi hamkuipenda ghuba hata siku moja. Mlipenda baridi yake!"

Kisha akaikumbuka njaa. Akala mpaka akashiba, akarudi, na Tone akanyonya hadi akalala na matone ya maziwa mdomoni.

Sasa shida ya dagaa ni harufu.

"Wewe!" Bwana Ngurumo akanguruma kutoka jiweni. "Hebu sogea hapa. Fungua mdomo."

"Shikamoo, Bwana Ngurumo."

"Marahaba. Mdomo wako unanuka dagaa!"

"Unanuka kweli!" akadakia Bwana Mbavu, mate yakimtoka. "Umewaficha wapi dagaa wetu?"

"Sikuwaficha, Bwana. Wako mbali, kwenye maji ya baridi."

"Bahari yote ni yetu," akasema Ngurumo. "Kuanzia leo utawaleta hapa wote utakaowakamata. Ukila hata mmoja, unahama kisiwa, wewe na mwanao."

Kipwa akamtazama Tone aliyelala. Kuhama na mtoto asiyejua kuogelea! Lakini uso hakuubadilisha.

"Mabwana zangu," akasema kwa upole, "mimi ni mdogo, mdomo wangu unabeba dagaa wangapi? Mtanenepa lini? Kwa nini msije wenyewe?"

Ngurumo akatazama jiwe la Mbavu. Mbavu akatazama jiwe la Ngurumo.

"Tangulia wewe, kaka," akasema Mbavu haraka mno.

"Nitangulie ili ukalie jiwe langu? Thubutu!"

"Basi tugawane bahari," Kipwa akasema. "Dagaa wa ghuba hurudi ghubani, sivyo?"

"Hurudi!" wakajibu wote wawili. "Miaka yote hurudi!"

"Basi chukueni ghuba, mawe yake, mchanga wake, mapango yake. Chukueni na maji yote ya joto, yanayofika mpaka macho yanapoishia. Sisi mama wenye watoto mtuachie maji ya baridi peke yake na kilichomo ndani, popote yatakapokuwa."

Simba-bahari wakatazama bahari. Joto kushoto, joto kulia, joto mpaka kwenye mawingu. Wakaanza kucheka, matumbo yakawatetemeka.

"Mjinga huyu!" akanong'ona Mbavu kwa sauti iliyosikika kisiwa kizima. "Mpe, kaka, mpe upesi kabla hajajirudi!"

Sili na simba-bahari huapa kwa kumeza jiwe mbele ya wenzao. Anayevunja kiapo hupoteza makao yake, na anayachukua yule aliyemshuhudia kwanza. Basi kisiwa kizima kikakusanyika. Ngurumo akameza jiwe, gulu! Mbavu akameza lake, gulu! Kipwa akameza kajiwe kake kadogo, jambo likawa limekwisha.

Bi Mashavu alikuja juu kama moto. "Umegawa ghuba yetu! Umewapa ghuba wale mabwege!"

"Nimewapa mahali, mwenzangu. Dagaa hawajui mahali, wanajua baridi. Twende ukawaone."

Mama wote wakamfuata. Mpaka ule wa maji haukukaa mahali pamoja. Leo ulikuwa karibu, kesho umesogea, lakini Kipwa aliyapima maji kwa masharubu na kila mara akawafikisha. Safari zilichosha, ila watoto walinyonya. Simba-bahari wakabaki na ghuba yao, wakakonda kwa fahari kubwa.

Siku moja asubuhi Kipwa alikuwa akimtandikia Tone mwani mpya, mara manyoya ya mtoto yakasimama. Vuuu! Upepo kutoka nchi kavu. Kipwa akaacha mwani.

Habari za upepo nazo Kipwa alikuwa amewahi kuziuliza. Alijua kwamba ukivuma hivyo kwa muda, husukuma maji ya joto ya juu yaende zake, na baridi ya chini hupanda kuja kushika nafasi. Hakumwambia mtu. Alikaa tu, masharubu yakimcheza.

Upepo ukavuma, ukavuma. Ghuba ikabadilika rangi. Kisha, pwaa! Dagaa! Waliruka mlangoni mwa ghuba, chini ya pua za simba-bahari!

"Wamerudi!" akabweka Ngurumo. "Nilisema!"

Mbavu akachovya kichwa na mdomo wazi.

"Wee, ngoja!" Ngurumo akapiga kelele. "Maji yakoje?"

Mbavu akainua kichwa polepole, meno yakigongana, kakakaka. "Ya... ya uvuguvugu."

"Unatetemeka!"

"Natetemeka kwa furaha, kaka."

"Ni baridi! Kula basi, nikushuhudie, nichukue jiwe lako."

"Anza wewe, mkubwa hutangulia."

"Sitaki! Kula wewe!"

"Kula wewe!"

Wakakaa wakitazamana, njaa inawauma, na dagaa wanawapita mpaka kwenye masharubu. Hakuna aliyethubutu, maana kila mmoja alikuwa na askari wake, na askari huyo alikuwa ndugu yake.

Kipwa akashuka majini na mama wote nyuma yake, chubwi, chubwi, chubwi! Hakuna tena safari ya kuumiza mbavu. Wakala mlangoni mwa nyumba yao, na Tone akasikia mama yake anacheka kutoka ndani ya maji.

Mwishowe Ngurumo akainamisha lile lichwa lake. "Bi Kipwa," akasema, na hilo "Bi" lilimtoka kwa shida, "tunaomba dagaa."

"Mtakula," Kipwa akajibu. "Mkae nyuma ya mama wenye watoto. Na mimi na Tone wangu hatuhami."

"Hamhami," akasema Ngurumo.

"Hamhami kabisa!" akasema Mbavu. "Foleni inaanzia wapi?"

Basi wanangu, anayekalia mahali hubaki na mahali, na anayeuliza chakula kimekwenda wapi na kwa nini, huyo ndiye anayeshiba.